Lami Imefika, Mabasi Hayasimami

Jumatano, 2 Julai 2025
Wali umebaki sufuria nzima. Tangu lami ikamilike, mabasi yanakatiza Kibondo kama yanafukuzwa. Abiria wananiangalia dirishani, nami nawaangalia. Basi!

Jirani yangu Leonidasi, fundi wa springi, kashinda kakaa juu ya tairi. Hana hata boliti ya kukaza. Anasema sisi wawili tulilishwa na matope. Kweli — masika gari linazama, yeye anaingia chini yake, mimi nawalisha abiria. Sasa maendeleo yamekuja, tunaona njaa. Tumecheka mpaka machozi. Kisha tukaula ule wali.

Jumamosi, 5 Julai
Nimemvizia dereva Isihaka stendi. Nikamuuliza: kosa langu nini, maharage au mimi?

"Bi Mwajabu," kasema, "nilikuwa nasimama kwako kwa sababu gari limekufa. Sasa gari zima!"

Mshenzi. Lakini hajadanganya.

Jioni mimi na Leonidasi tukawa tunakumbuka. Baba yangu alipotoka Ujiji na mabunda yake ya khanga, hapa palikuwa na boma, soko la maharage na vumbi. Wakaja wakimbizi Warundi, yakaja magari ya mashirika ya misaada yenye antena ndefu. Kila chumba kikapata mpangaji. Kisha kambi ya Mtendeli ikafungwa, wakimbizi wengine wakahamishwa, wengine wakarudi kwao. Mpawenimana aliyekuwa akiniuzia mboga alikuja kuaga, chai yake hakuimaliza. Wageni wa mashirika nao wakafunga virago.

"Mji huu ni tairi lenye pancha," Leonidasi kasema. "Unajazwa, unaishiwa."

Jumatatu, 7 Julai — Sabasaba
Kasulu, kwa kaka yangu Shamsi, mwenye duka la vitambaa. Sikuwahi hata kusinzia vizuri — tumefika! Zamani hii ilikuwa safari ya kubeba chakula.

Kasulu inafurika. Bodaboda, wanafunzi, watu wa Heru Juu na magunia ya mihogo. Mlangoni kwa Shamsi kuna Mama Jeannette, Mkongo wa kambi ya Nyarugusu, anauza maandazi. "Bonjour mama, kuya ukule!" Nimekula. Yanayashinda yangu. Imeniuma.

Leonidasi alikuwa kwenye basi lile lile, eti anafuata spea. Kanibebea kikapu, kisha kanionyesha nyumba ya kupanga. Mbele mgahawa, uani gereji.

"Na kulala?" nikauliza.

Kaangalia dari. "Vyumba vipo."

Viwili au kimoja — hakusema!

Alhamisi, 10 Julai
Soko zima linajua. Winnie wa duka la dawa kaniuliza harusi lini. Nikamwambia ni biashara. Kasema ndiyo, wote huanza na biashara.

Lakini kuhama Kibondo? Baba amezikwa hapa. Wauguzi wa hospitali bado wananifuata mchana, na wao hawapiti na basi. Hapa nikisalimia kwa Kiha, "mwakeye", sokoni, hakuna anayeuliza mimi kabila gani. Kasulu nitaanza upya, na umri huu.

Nimemwambia Leonidasi nitafikiri. Kajibu: fikiri, ila mwenye nyumba hana muda wa kufikiri.

Nimekasirika. Nimempunguzia nyama. Hakulalamika, ndicho kilichoniudhi zaidi.

Jumapili, 13 Julai
Gereji imefungwa! Nikadhani yuko kanisani. Misa imekwisha, hayupo.

Sasa hivi Shamsi kapiga simu.

"Mwajabu, kuna mtu hapa dukani kavaa koti la suti, jasho linamtiririka, anauliza mahari. Si yule aliyekubebea kikapu?"

Nikasema simjui mtu wa koti.

"Nimemuuliza dini itakuwaje. Anasema hilo alilimaliza kabla ya kununua koti, na yuko tayari kuonana na sheikh. Nimwambie nini?"

Nikasema mtandao unakatakata. Nikakata mwenyewe.

Mahari! Bila kuniuliza mimi! Mtu mzima anamwogopa mwanamke mpaka anapanda basi! Akirudi atanitambua. Nitamwambia mafuta yake machafu yasifike jikoni kwangu. Na dirisha la mbele lipakwe rangi ya kijani. Na kile chumba —

Mboga inaungua. Shamsi anapiga tena. Nimejifunga kilemba kipya. Cha nini? Simu haina macho!

Bado inaita —