Uji wa Kipimajoto

Jumanne, 17 Juni

Kola, vifungo, kola tena. Shule zinafunguliwa mwezi ujao na Nkwenda nzima imekumbuka leo kwamba watoto wanavaa sare. Mgongo unauma.

Jioni nimemkuta Mama palepale nilipomwacha asubuhi, mbele ya samaki. Mama ni mama mzazi wa Deusi, mume wangu, dereva wa lori. Tulimtoa kwake Mabira baada ya kuteleza kwenye migomba na kuumia nyonga. Kila siku alikuwa akiniuliza atarudi lini. Tangu mwenye gesti aliponipa hili tangi la kioo, shukrani ya kumshonea mapazia, hajauliza hata mara moja. Samaki ameshawapa majina. Mwenye mkia mpana ni Mwenyekiti. Yule wa tumbo kubwa ni Kokubanza.

Nataka abaki. Mabira atakuwa peke yake na mbuzi.

Tatizo ni baridi. Hita iliyokuja na tangi ni kuukuu, ukiichomeka inapasha tu mpaka uichomoe mwenyewe. Mwenye gesti anasema maji yawe nyuzi ishirini na tano hivi. Nitajuaje bila kipimajoto?

Alhamisi, 19 Juni

Nimenunua kipimajoto duka la dawa. Nimekitumbukiza. Hakuna namba. Muuzaji amecheka mpaka akashika kaunta: hicho ni cha homa, kimetengenezewa binadamu, joto la samaki hakilijui. Angeniambia kabla sijafungua pakiti.

Jumamosi, 21 Juni

Binamu yangu Editha, wa Bukoba, amepata duka la vitu vya samaki. Ametuma picha tatu. Cha kwanza cha kioo, kinanata ndani ya tangi kwa mpira. Cha pili kina waya na betri. Cha tatu ni utepe wa kubandika nje, una vyumba vya rangi, maji yakiwa sawa chumba cha katikati kinawaka kijani.

Nimechagua utepe. Mama hajui kusoma namba, ila kijani anakijua. Najiona nina akili sana leo.

Jumanne, 24 Juni

Utepe umefika na basi. Nimeubandika chini, kwenye kona, karibu na kiti cha Mama ili auone bila kuinuka. Nilimweleza mbio mbio, mdomo umejaa pini. Aliuliza kama ndio utakaowatunza samaki. Nikaitikia kwa kichwa.

Ijumaa, 27 Juni

Kijani asubuhi. Kijani jioni. Mara nyingine kinapanda mpaka chumba cha juu, nachomoa hita haraka. Nimewatambia mafundi wenzangu wote pale barazani. Mmoja ameniuliza samaki hao wataliwa lini. Nimeendelea kukanyaga mashine.

Jumapili, 29 Juni

Mwenyekiti amekufa.

Tumetoka kanisani, tumemkuta ubavu juu. Kokubanza amelala chini, mapezi ameyakunja, chakula hakigusi. Wakati wa kula, bila kuniangalia, Mama akauliza Deusi anakuja lini amrudishe Mabira.

Nimeosha vyombo kwa hasira. Kikombe kimoja kimevunjika.

Jumatatu, 30 Juni

Nimelaumu chakula. Nimelaumu maji ya bomba. Nimemlaumu mwenye gesti kwa kunipa samaki wagonjwa. Utepe kijani kabisa, kwa hiyo si baridi. Kokubanza bado yuko chini. Akifa huyu, Mama anaondoka, najua.

Jumatano, 2 Julai

Nilisahau futi ya kupimia nyumbani. Nikarudi katikati ya asubuhi.

Mama alikuwa kwenye kiti chake. Kikombe chake cha bati, uji unatoa moshi, amekiegemeza kwenye kioo, juu ya ule utepe. Nikamuuliza anafanya nini.

"Kajiko kao haka kanafifia, mwana wange," akasema. "Nakapa uji wangu kapate nguvu."

Asubuhi uji, jioni chai. Kila siku, kabla sijaja kusoma. Alidhani utepe ndio unaopasha maji. Utepe ukiona uji unawaka kijani, mimi nachomoa hita, samaki wanaganda. Nikatia mkono ndani ya tangi. Maji ya mtoni kabisa. Ningetia mkono siku ya kwanza, kama tunavyopima maji ya kumwogesha mtoto. Lakini nilikuwa na kipimo bwana!

Nikamweleza, safari hii bila pini mdomoni, kwamba utepe unasema tu, haupiki.

"Basi Mwenyekiti nimemuua mimi."

Nikamwambia tumemuua wote wawili, tukisaidiwa na uji. Akanitazama. Kisha akaanza kucheka, nami nikacheka, mpaka akashika nyonga yake. Sijawahi kumsikia akicheka hivyo. Nimelia kidogo pia.

Jumamosi, 5 Julai

Editha ametuma kile cha kioo. Mahali pa kukiweka pametuchosha. Karibu na hita hapana, kitaisifu hita. Upande wa dirisha hapana, jua litakidanganya kama uji. Nimekinatisha ndani, mbali na hita, katikati ya kina cha maji. Mama akalalamika kwamba kutoka kwenye kiti chake hakioni.

Tumehamisha kiti.

Nje ya kioo, usawa wa ishirini na tano, nimebandika kipande cha uzi mwekundu. Mstari wa kipimajoto ukiufikia uzi, basi. Sasa Mama ndiye anayetoa amri: chomeka, chomoa. Nami natii.

Jumapili, 6 Julai

Mstari kwenye uzi. Kokubanza ameinuka. Amekula. Tumbo limekuwa la ajabu.

Jumanne, 8 Julai

Furaha leo, furaha tupu.

Nilikuwa nashona, nikaona watu barazani wanapisha njia. Mama, na fimbo yake, barabarani. Hakuwahi kuvuka mlango peke yake tangu aje.

"Funga mashine," akasema. "Kokubanza amejifungua."

Wadogo kama mbegu za ulezi, wana macho tu. Nimewatenga na mama yao kwa wavu uliobaki kwenye mapazia ya gesti, maana samaki hawa hula watoto wao. Majirani wamejaa sebuleni. Mama amewapitishia kahawa ya kutafuna kwenye kikapu kidogo, kama kwa uzazi wowote wa heshima. Yule fundi wa "wataliwa lini" amekuja pia. Ametafuna, amempa hongera, hakuuliza tena.

Jumamosi, 12 Julai

Deusi amepita na lori la ndizi. Amekunywa chai amesimama. Akamwambia mama yake kwamba kesho anapita Mabira, kama yuko tayari amchukue.

Mama alikuwa anaangalia uzi. Akamwambia yeye aende tu. Ila arudi na kile kiti chake cha Mabira, cha miguu mirefu, kwa sababu hiki cha hapa ni kifupi, hakimfikishi vizuri kwenye mstari.

Nikaenda jikoni kumkorogea uji.