Akaunti ya Maktaba Niliyokuficha

Mwanaidi, rafiki yangu,

Leo tena msimamizi wetu ameitoa sura ya pili ya tasnifu yako darasani. Akaiinua mbele ya wanafunzi wapya wa uzamili na kusema, "Someni hii. Huyu dada alikuwa anatafuta, hakuwa akiokoteza." Mimi nilikuwa mstari wa nyuma, sura yangu mapajani, ile aliyoirudisha mara ya tatu. Ulipokuwa hai nilikuonea wivu, nikadhani ukiondoka utaisha. Umezidi. Ukiwa hai walau ulikuwa unakosea tahajia.

Tangu tukuzike kule Chemba, mambo yamebadilika kidogo. Maktaba wameleta viti vipya, vile vya kuzunguka, ungevipenda. Kompyuta ya dirishani uliyokuwa ukiiwahi anaikalia kaka mmoja wa sheria anayekula karanga kwa siri na kuacha maganda. Nami nimejifunza kutafuta peke yangu, polepole. Nanakili kichwa cha makala, naachana na ile tovuti inayotaka kadi ya benki, naingia ukurasa wa maktaba, nachagua hifadhidata, naweka alama kwenye makala kamili tu. Bado nakusikia. "Debo, ikisiri ni harufu ya pilau. Sisi tunataka sahani."

Unaikumbuka ile makala ya ukungu kwenye uwele? Nilihangaika nayo wiki nzima, nikakaribia kulia. Wewe ukaipata kwa muda wa kumenya chungwa, ukanitumia, ukarudi kwenye kazi yako bila hata kunitazama. Nilisema asante. Moyoni nilitaka kukupiga.

Sasa nisikilize, maana hii ndiyo sababu ya barua. Ulikuwa unatoka kwa shangazi yako kule Zuzu kila siku, magari mawili na vumbi lake, miguu imevimba mpaka viatu ukavikata nyuma. Tuliamini makala zinafunguka kwa mtandao wa chuo tu. Siku moja nilienda dawatini kulalamika, na Mama Stella, mkutubi wetu, akaniandikisha akaunti ya kuingilia ukiwa nje ya chuo. "Neno lako la siri tu, mwanangu. Hata ukiwa kitandani kwako Nkuhungu zinafunguka." Nilitoka mbio kuja kukuambia. Nikakukuta na msimamizi anakusifu, na aliponiona akasema, "Debora, muulize mwenzako anatafutaje."

Nikaimeza habari yangu. Nilitaka niwe na kitu kimoja ambacho wewe huna.

Nilikaa nacho miezi minne. Jumapili nasoma kwangu, Jumatatu nakuja kukaa pembeni yako kana kwamba sijui lolote. Nilikuona unapanda zile ngazi za maktaba huku umeshika ukuta, nikasema, "Pole, Mwana." Pole tu. Halafu ukaenda likizo kwenu, moyo wako ukasimama, shangazi yako akanipigia simu. Daktari alisema moyo ulikuwa umechoka siku nyingi, hakuna wa kulaumiwa. Daktari hajui habari za ngazi.

Msibani msimamizi alilia kama mtoto. Nilikuwa mkekani na akina mama, nikajiuliza kama mimi angenililia hivyo. Ndivyo nilivyo, Mwana. Hata jeneza lako nililionea wivu.

Juzi nikashindwa kuendelea kunyamaza. Nikaenda kwa Mama Stella, nikamwamkia, nikamweleza yote, nalia mbele ya watu waliokuja kurudisha vitabu. Akanisikiliza mpaka mwisho, akavua miwani.

"Mwanaidi? Huyo nilimwandikisha kabla yako, mwanangu. Nikamwambia akae nyumbani apumzike. Akanijibu, 'Mama, nisipokuja, Debo naye haji, na akiwa peke yake anakata tamaa.'"

Nilikasirika, sikufichi. Nilikuwa na siri moja tu ya kukushinda nayo, kumbe ulikuwa nayo kabla yangu, nawe ukaificha ili mimi nije. Nani alikutuma? Nani alikuomba? Nilikaa nje ya maktaba, upepo unanijaza mchanga machoni, nikakugombeza kwa Kigogo mpaka nikachoka. Kisha nikatamani unijibu kwa lugha yenu, ile ya kugonga ulimi, nisielewe hata neno, halafu ucheke.

Siwezi kukuahidi kwamba wivu utaisha, maana kumdanganya aliye kaburini ni vibaya zaidi. Nakuahidi hili. Nimemwomba msimamizi saa moja na wale wanafunzi wapya, amenipa Jumatano. Nitaanza na akaunti ya nje ya chuo, na hakuna atakayetoka chumbani kabla hajaandikishwa. Halafu nitawaambia nilimficha nani, na kwa nini. Msimamizi atakuwepo. Najua baada ya hapo hatanitazama vilevile, lakini nitasema.

Kwaheri, Mwana. Pumzika huko kwenu, ardhi ya Chemba isikulemee. Nisamehe. Najua ungenisamehe kabla sijamaliza sentensi, na hata kwa hilo nakuonea wivu.

Mwenzio,
Debora