Mrija wa Mti wa Masista

Machochwe, 6/4/1976

Mpendwa Dada Kezia,

Marwa sasa hivi tu amemwaga uji kwenye karatasi hii, ndiyo maana unaona doa. Tena anacheka! Sisi wazima, ila kifua chake tu. Ninyi huko misheni mnaendeleaje, na masista unaowapikia?

Dada, vile vijiti vinne vya mti wa masista ulivyonifungia kwenye gunia bichi vimenipita kimo! Nilivipanda nyuma ya bafu, panapotiririka maji. Hapa kijijini nyumba zimepangwa mstari, hakuna hata kivuli, kwa hiyo watu wakiona maua yale meupe wanasimama. Jana nikapogoa. Kumbe tawi lake ndani ni laini kama pamba, ukilisukuma kwa kijiti unabaki na mrija safi! Nimemkatia Marwa. Anavuta uji kama wazee kwenye chungu cha pombe. Mama mkwe anamtania mjukuu wake, "Mume wangu, usilewe ukaja kunipiga!" Alikuwa hali kitu, sasa anamaliza bakuli.

Matunda yakiiva niyafanyeje, apone kifua?

Mdogo wako,
Nyangi

Tarime, 13/4/1976

Nyangi mdogo wangu,

Salamu baadaye. Tupa huo mrija! Matunda yakiwa meusi na yakachemshwa ndiyo dawa. Majani, matawi na matunda mabichi ni sumu. Nilijua, sikukwambia. Niliwaza, nani atakula mti? Nikasahau kwetu watu wanakunywa kwa mirija.

Mvua imekata barabara. Barua nampa dereva wa lori, akipata njia. Nijibu upesi, mama.

Dada yako,
Kezia

Machochwe, 17/4/1976

Mpendwa Dada Kezia,

Habari za siku? Jibu lako sijalipata, wanasema malori yamekwama ng'ambo ya mto. Huku si kuzuri sana. Marwa anatapika siku ya nne. Klorokwini ya malaria anameza, anairudisha. Uji wa kikombe hataki kabisa, anataka mrija wake, na ule wa kwanza ulipasuka. Basi leo asubuhi nimemkatia mwingine, mbichi, mrefu kama wa wazee. Amevuta kidogo, akaniangalia, akacheka. Nikajua atapona. Sasa amelala kwa bibi yake, ametulia kweli. Na matunda yameanza kuwa meusi, Dada! Wiki ijayo nita

Ngoja, mama mkwe ananiita. Siku zote mimi ni Mama Marwa, leo anaita Nyangi, Nyangi, sijui ana