Tezi Ilikatwa, Wagongaji Wamebaki

Jumatatu, 4 Machi

Mahlon mume wangu mzima. Watoto nao: Enos mzima, Fannie mzima ila kikohozi, mama mkwe mzima na maneno yake, ng'ombe wazima. Aliye tumboni, miezi sita sasa, ndiye sijui. Leo mkunga Verna alimsikiliza kwa kile chombo chake, uso ukambadilika. Moyo wa mtoto unapiga mara mia na themanini kwa dakika! Akauliza kama nina ugonjwa wowote. Nikasema sina.

Kwani ninao? Tezi ya shingo iliyonisumbua ilikatwa miaka minne iliyopita. Nameza kidonge kila asubuhi, basi.

Jumatano, 6 Machi

Hatulii. Hata nikikanda mkate anapiga. Mahlon anacheka, ati huyu atavuta jembe mwenyewe, tuuze farasi. Sikucheka. Nimejishika mkono — damu yangu inapiga polepole. Yeye ni kama mtu anayekimbizwa ndani ya nyumba, na nyumba ni mimi.

Nilipofungua kamba za kofia shingoni, mama mkwe akaona kovu la tezi. "Hilo ulimwambia Verna?"

"Mama, hayo yameisha."

"Yameisha! Moto wa ghalani nao huisha kwa ndoo moja?"

Alhamisi, 7 Machi

Nilimwambia Verna habari ya kovu, na sasa tumetoka kwa daktari mjini. Naandika nisisahau. Tezi haikuwa na kosa! Ubongo hutuma homoni, homoni inagonga mlango wa tezi, tezi inafanya kazi. Kingamwili zangu — askari wa damu — zilijifunza kugonga vilevile. Tezi ikaitika bila kupumzika. Wakaikata. Mlango ukaondoka, wagongaji wakabaki! Miaka minne wanazunguka damuni mwangu, wanatafuta. Sasa wamepita kitovuni, wamekuta kijitezi kipya.

Na mimi nilisema sina.

Wamenitoa damu. Wagongaji wakiwa wengi, nitameza dawa ya kumfikia mtoto. Ikiwahi, moyo utatulia. Ikichelewa, utachoka.

Ijumaa, 8 Machi

Jibu linakuja asubuhi hii. Mahlon amekwenda kwenye kibanda cha simu, mwisho wa njia, tunachotumia na jirani Atlee. Namwona dirishani. Amesimama na Atlee, nje! Wanaongea mbegu za shayiri, nawajua hao.

Mama mkwe ameweka kiganja tumboni mwangu. Yeye!

Wagongaji wanagonga. Nilidhani ni mateke tu. Naye mtoto anaitika, anaitika —

Mahlon, acha mbegu. Ingia kibandani, uniletee neno upesi.