Pasi Moja ya Harusi ya Kawira

Baba Wawira,

Ukishuka kwenye lori la Isaack, chakula chako cha githeri kiko chini ya kapu. Mbuzi hajanyweshwa. Mtoto yuko kwa Mama Nthiga.

Nimeenda Nkubu, harusi ya dada yangu Kawira. Nitarudi kesho kabla ya kafyu. Ulisema haiwezekani, maana leo ni zamu yetu ya kuchimba handaki la kuzunguka kijiji. Wewe hukosi safari kila harusi ikifika!

Asubuhi hedimani wa kijiji alininyima pasi ya kusafiri. Mimi niliangalia chini tu. Mama yako akamwambia, "Basi mwanangu, mlete bibi harusi hapa handakini, tumwoze tukichimba." Hata askari walicheka. Hedimani akaandika pasi, lakini akasema lazima sehemu yangu ichimbwe leo leo. Kabla sijafungua mdomo, mama alikuwa ameshika jembe langu.

Sijaona mtu kama yeye. Mpelekee uji, kibuyu kiko mlangoni. ~~Ukiwa hujachoka, mpokee jembe.~~ Mpokee jembe.

Kule wakiuliza nani atasema kwa niaba ya nyumba yetu, nitasimama mimi. Nitaanza na jina la mama yako.

Mkeo, Mama Wawira