Mtoto wa Siku Tisa

Dar es Salaam, 4 Machi 2024

Mama mpendwa,

Shikamoo. Mimi mzima, sijui presha yako. Mama, mwaka wa kumi na mbili huu nafanya utafiti wa watoto wanaozaliwa na mgongo wazi, na kila mama namuuliza amezaa wangapi, hata waliofariki. Juzi shangazi Odeta kateleza ulimi: eti kabla yangu ulizaa mtoto wa hivyo. Ni kweli? Kama kwenye simu huwezi, niandikie.

Mwanao, Kija

Igogo, Mwanza, 19 Machi 2024

Kija mwanangu,

Marahaba. Presha imeshuka, namshukuru Mungu. Odeta mdomo wake haujui kufungwa. Wa kwanza ni wewe. Hayo maswali waulize wagonjwa wako. Nimekutumia samaki sato wa kukaanga kwa basi, kawapokee.

Mama yako

Igogo, 2 Septemba 2024

Kija,

Hujambo? Miezi sita umeninunia na mimi nimekununia, kwa ukaidi tumefanana. Nasema mara moja tu. Alikuwepo. Mimba ikiwa ya miezi saba nilikuwa bado nabeba ndoo za dagaa kichwani kutoka soko la Mwaloni. Bibi yako, mzaa baba, alisema mizigo yangu ndiyo iliyompasua mtoto mgongo, nami nikaamini. Wewe umesomea haya. Niambie, na usinibembeleze. Ni mimi?

Mama yako

Dar es Salaam, 9 Septemba 2024

Mama yangu,

Shikamoo. Siyo wewe. Mgongo wa mtoto hujifunga ndani ya mwezi wa kwanza, mama mwenyewe hajajua hata kama ana mimba. Chanzo chaweza kuwa damu ya ukoo, au vitamini ambazo hakuna aliyekupa. Ndoo hazimo kabisa. Nimewaambia hivi wanawake wengi, na wa kwanza kuambiwa ulipaswa kuwa wewe. Nisamehe kwa kununa. Aliitwa nani?

Mwanao, Kija

Igogo, 21 Septemba 2024

Kija mwanangu,

Marahaba. Nimelia, nikanawa uso, nikampigia Odeta nikamsomea barua yako yote. Miaka thelathini na saba nimejihukumu bure! Aliitwa Evelina. Aliishi siku tisa. Alikuwa na nywele nyingi, na kunyonya alijua. Mwandike kwenye utafiti wako. Huku mtaani wataendelea kuniita Mama Kija, waache, wameshazoea. Wewe usimwonee wivu dada yako kwa jina nililotia hapa chini.

Nakupenda sana,
Mama Evelina