Tuliyoambiana Ndani ya Maji ya Moto

Jumapili, Evere, Brussels. Mvua tangu alfajiri, ile nyembamba ya huku isiyo na haraka. Sikwenda kanisani.

Naandika kwa sababu sina wa kumwambia. Wa kumwambia alikuwa Solange.

Solange na mimi tulisoma pamoja shule ya msingi Bukavu, tukakutana tena Brussels tukiwa wamama wazima. Mwezi wa nne tulikwenda Japani, safari tuliyoizungumza miaka na miaka. Mume wake, Papa Fidèle, aliyepooza upande mmoja baada ya kiharusi, alibaki na dada yake, aliyekuja kwa siku hizo tu.

Katika mji mmoja wa milimani tuliingia onsen, bafu la maji yanayotoka ardhini yakiwa moto tayari. Unavua kila kitu. Unakaa kwenye kigoda, unajisugua mpaka utakate, ndipo unaingia majini pamoja na wanawake wengine, uchi kabisa.

Mimi nina titi moja. La kushoto lilikatwa kwa sababu ya kansa, na sikuwahi kumwambia mtu. Hata Solange nilimdanganya kwamba ni uvimbe mdogo. Pale mlangoni nilisimama na kitaulo changu kifuani, nikitaka kurudi. Solange akaona. Alinishika mkono, tukaingia.

Hakuna aliyenishangaa. Bibi mmoja wa Kijapani alisogea kidogo kunipa nafasi, akafumba macho tena. Nililia, na mvuke ukanifichia machozi.

Ndipo Solange naye akafunguka. Alinong'ona, ingawa mule hakuna aliyejua Kiswahili.

"Kila asubuhi minamuoshaka Fidèle. Na nikiwa namuosha, minaombaka Mungu amuchukue. Unasikia? Minaombaka afe."

Nilimshika bega. Nikamwambia Mungu anaelewa uchovu.

Jana kulikuwa na sherehe ya ubatizo, kwenye ukumbi huko Schaerbeek. Meza yetu ilikuwa ya watu wa Bukavu: sombe ya majani ya muhogo, visamaki vya sambaza vya kukaanga, bia, kelele. Wakamwomba Solange awape habari za Japani. Solange anajua kusimulia. Alisimama, akaigiza wanawake wa Kijapani wanavyotembea na vitaulo vyao, watu wakacheka, hata mimi nikacheka. Kisha akachukua kitambaa cha kufutia mikono, akakibandika kifuani, akatembea amejikunja.

"Na huyu wetu, alors, alikuwa anaficha! Kumbe titi ni moja tu! Nikasema, bon, Wajapani watazani sisi wote tunaumbwaka hivi!"

Walicheka. Si wote, lakini walicheka. Kisha nikaona macho yakipita kwenye blauzi yangu, yakitafuta ni lipi.

Ningeweza kutoka. Koti langu lilikuwa kwenye kiti.

Nilimgeukia Papa Fidèle. Alikuwa ameketi karibu na mke wake. Akili yake nzima, anaelewa yote. Maneno ndiyo yanayomshinda. Nilisema polepole, ili asikose hata neno moja.

"Papa Fidèle, mke wako hajawaambia yote. Mule majini aliniambia kila asubuhi akikuosha anamwomba Mungu ufe."

Sitasingizia hasira. Maneno niliyachagua.

Solange alibaki amesimama, kitambaa bado kifuani. Papa Fidèle alishika ukingo wa meza kwa mkono wake mzima, akahangaika na mdomo mpaka likatoka neno.

"Twende."

Solange akamvalisha koti, mkono uliopooza kwanza, kisha mzima. Alipofika kwenye kola, Papa Fidèle aliinua kidevu ili afungwe kifungo. Alikuwa anamtazama mke wake machoni, na kidevu amekiinua. Hana mwingine wa kumfunga.

Walipotoka, Maman Jeanne, mkubwa wetu pale mezani, akaniinamia.

"Solange alikucheka weye, mwanangu. Lakini Papa Fidèle alikufanya nini?"

Nilivuta sahani yangu nikamaliza chakula. Hilo nalo naliandika: nilikula nikamaliza.

Leo simu imelia tangu asubuhi. Wananipa pole kwa ajili ya kansa. Lile lingine hakuna anayelitaja. Solange hajapiga. Nimefikiria kupanda tramu mpaka kwao Berchem, lakini yule mzee nitamwambia nini? Kwamba nilidanganya? Ataona nadanganya sasa. Na Solange sijamwonea huruma bado. Naitafuta huruma hiyo ndani yangu, siipati.

Kesho nina zamu ya asubuhi kwenye nyumba ya wazee. Kazi yangu ni kuwaosha. Najua uzito wa mtu asiyeweza kujiinua, najua mgongo unavyouma, najua mambo yanayopita kichwani huku mikono inasugua. Na mimi nalipwa, na zamu ikiisha narudi kwangu.

Nilijua yote hayo jana, pale mezani. Na bado nikasema.